Dunga baada ya kazi: nimeenda mara nne na watoto, hii ndio ripoti yangu

Wacha nianze na hesabu juu najua ndio kitu wengi wenu mnataka kusikia kwanza. Jumatano iliyopita tulitoka watu wanne, mimi, watoto wangu wawili, mmoja ana miaka kumi na moja na mwingine sita, na mdogo wangu wa kike, tukaenda Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa kwetu Kisumu, tukapanda boti, tukala samaki mzima na ugali, watoto wakanywa soda, tukarudi nyumbani, na pesa yote iliyotoka kwa simu yangu ni shilingi 2,150. Tuktuk ya kwenda 200. Boti 800 sisi wote, nusu saa na kitu kidogo juu. Samaki, ugali na kachumbari 750, soda mbili 100, na tuktuk ya kurudi 300 kwa sababu giza lilikuwa limeshaingia na hapo huwezi bargain sana. Saa mbili na robo watoto walikuwa wameoga na wako kitandani, na kesho yake ni shule na kazi kama kawaida.

Sasa mniache niwaeleze kwa nini hii kitu imenigusa hivi hadi nimeketi kuandika.

Mimi nafanya hesabu kwa ofisi moja ya akiba na mikopo hapa mjini Kisumu. Jumatatu mpaka Ijumaa ni saa mbili mpaka kumi na nusu, na mwisho wa mwezi hiyo kumi na nusu haipo. Jumamosi nusu siku, halafu alasiri kuna matanga ama kuna harusi ama kuna chama, na huku kwetu mnajua matanga si kitu unakosa ukaambia watu ati ulikuwa umechoka. Jumapili kanisa, kufua, uniform za wiki. Mzee wangu, baba watoto, anafanya kazi Eldoret, anakuja mara mbili kwa mwezi na akija pia yeye anataka kulala. Hivyo ndio miaka inaenda. Nilikuja kugundua mwezi wa kwanza, kwa ile Njaanuari yenyewe, karo imelipwa na hakuna kitu imebaki, kwamba nimekaa zaidi ya miaka miwili sijafika ziwani, na ziwa liko dakika kumi na tano kutoka kwa meza yangu. Naliona kila siku kupitia dirisha la ngazi ghorofa ya tatu, kamstari ka bluu nyuma ya mabati. Mtoto wangu wa miaka sita, mtoto wa Kisumu, alikuwa hajawahi kupanda boti. Hiyo iliniuma sana.

Kuna binamu yangu wa kike yuko Uingereza. Tukiongea mwezi wa sita huwa anapiga akiwa kwa uwanja wa kuchezea na watoto wake usiku, na jua bado linawaka, kwa sababu London wakati huo jua linazama saa tatu na dakika ishirini hivi usiku, halafu ikifika Disemba linazama kabla ya saa kumi jioni, yaani mtu anatoka kazini ni giza tititi. Kwa hiyo kiangazi chao wanakikimbiza. Mtu ana kazi mbili lakini siku ikiwa na jua anatafuta saa moja anatoka na mkate wake na blanketi wanakaa kwa nyasi, hakuna hoteli, hakuna gharama. Aliniambia, "Dada, sisi tukilala kidogo limeenda." Nikafikiria sana hiyo maneno. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, ukienda tu Maseno barabara ya Busia unapita pale mstari umepita, kwa hivyo jua letu halina haraka, linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima. Na kwa sababu liko kila siku tunaliambia kesho, kesho, mpaka mtoto anafika darasa la sita.

Basi nikasema siku ni Jumatano. Jumamosi niliacha kabisa kuifikiria kwa sababu Jumamosi ni ya watu wote, lakini hakuna mtu anazika Jumatano jioni saa kumi na moja. Nilimwambia bosi mapema kwamba Jumatano sitabaki, nikatoka saa kumi na nusu kamili, mdogo wangu akachukua watoto shule tukakutana stage, tukaingia tuktuk. Njia ya kwenda Dunga ni nzuri yenyewe, unatoka mjini unapita pale hifadhi ya swara pala ya KWS, wale wa wanyamapori, miti imefunika barabara, hewa inabadilika, halafu unaanza kusikia harufu ya samaki na ya maji. Kama kilomita tatu nne hivi. Mtoto mdogo alikuwa ametoa kichwa nje mpaka nikamshika shati.

Ukifika ufuoni vijana wa boti watakuja kwako. Hawana shida, ni kazi yao, lakini hapa ndio mtu anatakiwa atulie aongee vizuri kabla hajaweka mguu kwa boti. Nasema hivi kwa sababu kuna ufuo mwingine, siutaji, tulienda zamani na wenzangu wa chama, tukaambiwa 300 kila mtu, tukafika katikati ya maji injini ikazimwa, tukaambiwa hiyo 300 ilikuwa ya kwenda tu. Tulilipa, ungefanya nini na wewe hujui kuogelea. Tangu siku hiyo nauliza maswali manne kwa sauti watu wakisikia: ni bei ya kichwa ama ya boti nzima, ni dakika ngapi, ni kwenda na kurudi, na laifjaketi ziko wapi. Hiyo ya mwisho nataka kuziona na macho. Dunga nimepata mzee mmoja wa makamo, mtulivu, alijibu yote manne bila kukasirika, na kabla niulize ya mtoto akatoa ile ndogo akaifunga mwenyewe. Alivuta mkanda wa chini, akaingiza vidole viwili kati ya mkanda na kifua cha mtoto, akavuta tena. Halafu akainua jaketi kwa mabega aone kama itapita masikio. Haikupita. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe kaa hapa kati, huyu mdogo akae mbele yako, huyu mkubwa kule na shangazi yake." Shangazi si ndiye, ni mama mdogo, lakini tulimwacha. Kwangu mimi hapo ndio review ilikuwa imeisha, mtu akifunga jaketi ya mtoto wa mwenyewe hivyo nampa pesa yangu bila kunung'unika.

Majini sasa. Mkienda jioni upepo wa mchana unakuwa umeanza kushuka, maji yanatulia, ile joto ya Kisumu ya Februari inayokufanya ukae ofisini kama uko ndani ya sufuria inaondoka kwa ngozi polepole kabisa unaisikia ikienda. Boti inapita kando ya mafunjo, yale matete marefu yenye nywele juu, na mzee akizima injini akatumia kasia unasikia ndege ndani huko. Kuna mmoja ana kifua chekundu kama nyanya, mgongo mweusi na utosi wa njano, anakaa kwa mafunjo tu, hutampata kwa mti wa mwembe wako. Watu wanatoka mbali na kamera kubwa kumtafuta huyo, sisi tulimwona tukiwa na uniform za shule. Kuna na yule mdogo wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani akipiga mabawa halafu anajitupa majini kama jiwe, mtoto wangu alimhesabu akijitupa mara sita, alipata samaki mara moja, na hiyo mara moja alipiga makofi mpaka boti ikayumba tukamwambia akae.

Viboko tuliwaona mara mbili kati ya nne. Masikio na pua tu. Mzee hasogei karibu, anasimama mbali anawaonyesha kwa kasia, na mimi napenda hivyo, mwenye boti anayekuambia atakupeleka karibu upige picha nzuri huyo mkimbie. Jioni ndio kiboko anajiandaa kutoka kula nyasi, si wakati wa kumsumbua.

Halafu jua. Sitaandika sana hapa kwa sababu picha zote mmeziona. Nitasema tu kwamba Dunga imeangalia magharibi, kwa hiyo jua linaingia majini mbele yako na si nyuma ya jengo la mtu, na mwezi wa pili ndio linachelewa kuliko miezi mingine, karibu saa moja kamili, kwa hivyo ukitoka kazini kumi na nusu una muda wa kutosha bila kukimbia. Mwezi wa kumi na moja linaenda mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, hapo lazima uombe ruhusa kidogo. Mtoto wangu mkubwa, ambaye siku hizi ni simu simu simu, alikaa kimya akiangalia hadi likaisha, halafu akauliza, "Mama, hii inakuwanga kila siku?" Nikamwambia ndio. Akanyamaza tena. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga.

Tukirudi ndio tunapishana na wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu, wakitoka na taa zao. Omena wanavuliwa usiku, taa ndiyo inawavuta, na usiku wa giza bila mwezi ndio mzuri zaidi. Ukikaa ufuoni mpaka saa moja na nusu unaona taa zikiwashwa moja moja huko mbali mpaka unadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Hiyo hailipiwi.

Samaki tunakula pale pale kwa kibanda. Ushauri wangu: oda kabla ya kupanda boti. Mara ya kwanza hatukufanya hivyo, tukakaa karibu saa nzima, mdogo akalala na njaa kwa benchi, na ilikuwa saa tatu tukifika nyumbani na asubuhi ilikuwa vita. Sasa tukifika tu naenda kwa mama wa samaki kwanza. Nachagua mwenyewe. Namuuliza, "Mama, ngege hii ni ya ziwa ama ni ile ya boksi?" Ngege ni tilapia kwa Kijaluo, na nauliza kwa sababu mnajua siku hizi Kisumu yenyewe tunauziwa samaki wa barafu kutoka China, sisi na ziwa letu. Yeye hakubishana, alifungua shavu la samaki na kidole akanionyesha ndani, nyekundu, yenye unyevu, jicho limesimama na linang'aa. Samaki akikaa shavu linakuwa la kahawia na jicho linazama. Halafu akampara magamba akielekeza kisu kutoka mkiani kuja kichwani, akamkata mistari mitatu kila upande, chumvi ndani ya mistari, akamwacha. Tukirudi na boti ndio anaingia kwa mafuta. Anakuja mezani ile ngozi bado inalia, ugali wa moto uliofunikwa na sahani, kachumbari, pilipili pembeni kwa ajili ya watoto, na ndimu. Mmoja mkubwa alitutosha wanne na mdogo wangu akamaliza kichwa, yeye kwa kichwa cha samaki hana mchezo. Niliambia yule mama ero kamano, yaani asante kwa Kijaluo, na nilimaanisha.

Kasoro sasa, kwa sababu zipo na sitaki mtu aje aniambie nilimdanganya.

Gugu maji. Hiki kitu kiko kwa hili ziwa tangu karibu mwaka wa 1990 na kinatembea na upepo, leo kiko Dunga, kesho kimeenda ng'ambo. Mara yetu ya tatu tulikuta ghuba yote imefunikwa kijani kama shamba la sukuma, boti hazitoki, injini inasongwa na mizizi. Watoto walilia. Tukaenda badala yake kwa ile njia ya mbao iliyojengwa juu ya mafunjo, unatembea katikati ya matete, maji chini yako, na kusema ukweli mtoto wa miaka sita aliipenda hiyo kuliko boti kwa sababu alikuwa anashika mafunjo na mkono, akagundua bua lake lina pembe tatu na si mviringo, akataka kukata moja apeleke kwa mwalimu. Lakini kama umemwahidi mtoto boti, uliza kwanza. Mimi nilichukua namba ya yule mzee na sasa namtumia ujumbe saa tisa mchana, "Baba, maji yako wazi?" Ananijibu ndio ama bado, basi.

Vyoo havijanifurahisha. Pelekeni watoto kabla ya kutoka shule, na bebeni tishu. Mbu pia wanaamka saa moja, vaeni mikono mirefu, na Kisumu malaria si hadithi. Na tafadhali, tafadhali, msiwaache watoto wachezeshe miguu kwa maji ya ufuoni hata kama watoto wengine wanaoga hapo. Kichocho iko kwa ziwa letu, inatoka kwa konokono wadogo wa maji ya kando, haina maumivu siku hiyo na ndio maana watu wanaidharau. Mwisho ni mvua. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano jioni za Kisumu ni radi na dhoruba, wingu linajikunja haraka sana, na ukiona limekuwa jeusi upande wowote usipande, kula samaki wako urudi, hata kama ulikuwa umelipa.

Kama boti ni ghali kwa mwezi huo, si lazima. Mara moja tulienda na 700 tu mfukoni, tukatembea kwa mbao, tukaketi tukaangalia jua, watoto wakala mahindi choma na njugu tulizobeba, tukarudi. Walifurahi sawa sawa. Nimejaribu pia jumba la makumbusho la hapa Kisumu, limekuwepo tangu 1980, lina boma la Kijaluo lenye nyumba za wake kila moja mahali pake na lina nyoka, ni pazuri lakini ni pa mchana wa likizo. Kit Mikayi ile ya barabara ya Bondo, jiwe la mke wa kwanza, tumepanga na mzee wangu akija, hiyo ni nusu siku nzima na viatu vya maana, haifai kwa mtu anayetoka ofisini.

Dunga naipa nane na nusu kwa kumi. Hiyo moja na nusu ni ya vyoo na ya fea ya usiku. Kwa hii ya usiku nimepata dawa, kijana wa tuktuk anayetupeleka namwambia arudi saa moja na nusu, nimempa 400 kwenda na kurudi, na wiki hii ameshanipigia yeye kuuliza kama Jumatano bado iko.

Iko. Kuna mwenzangu wa ofisi anakuja na wawili wake pia, kwa hiyo tutakuwa saba na boti tutagawana. Nimeshamwambia abebe sweta za watoto, kwa sababu mkirudi na boti nguo zimelowa rasharasha kale kabaridi ka saa moja kanashika kifua, na achukue soda dukani mjini ambako bei iko chini kidogo. Samaki nitaoda mimi. Wawili safari hii.